Dodoso lipi lipime mtazamo wa vijana kuhusu kipindi cha michezo: Wear, Kenyon, PACES au la Silverman?

Swali huwa linakuja hivi: "Mwalimu, nataka kupima mtazamo wa wanafunzi wangu kuhusu kipindi cha michezo. Nitumie dodoso gani?" Anayeuliza mara nyingi ni mwalimu wa sekondari anayemalizia shahada, au mkuu wa idara aliyechoka kuona nusu ya kidato cha pili imekaa chini ya mwarobaini wakati wenzao wako uwanjani. Kabla ya kumjibu huwa namuuliza na mimi: ukishaipata hiyo namba, utabadilisha nini?

Nauliza kwa sababu madodoso yapo mengi, yote yamepita kwenye majarida, yote yana majina ya watafiti mbele yake, lakini hayapimi kitu kimoja. Ukichagua vibaya utapata wastani wa kupendeza wa kuandika kwenye taarifa, na Alhamisi ijayo waliokaa kivulini watakuwa palepale.

Nitalinganisha manne, kisha niseme kidogo kuhusu njia ambazo si dodoso. Sitayapa nafasi sawa. Mawili kati ya hayo manne nadhani mwalimu wa huku kwetu anaweza kuishi bila kuyagusa.

Karatasi moja ninayoikumbuka

Nilipokuwa nafundisha michezo sekondari niliwahi kugawa vikaratasi vyenye swali moja: "Unapenda kipindi cha michezo? Ndiyo au Hapana." Karibu darasa zima likaandika ndiyo. Alhamisi iliyofuata, saa nane na nusu mchana, nikapuliza kipyenga, na wasichana kumi na kitu wakaenda kukaa kivulini kama kawaida, masweta wameyafunga kiunoni.

Baadaye mwalimu wa ushauri nasaha akanisaidia kugawa dodoso refu zaidi, mimi nisiwepo. Karatasi moja bado naiona. Mwenye nayo alikuwa ameweka vema kwenye "Nakubaliana kabisa" kuanzia kauli ya kwanza hadi ya mwisho, safu imenyooka kama imepigwa rula. Chini kabisa, kwenye mistari mitatu tuliyoiacha wazi, akaandika kwa kalamu iliyokuwa inaishiwa wino: "Napenda netiboli ila uwanja uko mbele ya wavulana na sketi inapanda."

Msichana wa namna hii ndiye nitakayemtumia kulinganisha. Tuseme anapenda netiboli, anaamini kabisa kwamba mazoezi ni afya, anachukia kuzungushwa uwanja, na sauti ya mwalimu wake inamtia woga. Tumpitishe kwenye kila chombo tuone kitamsomaje. Na jambo lenyewe si dogo. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016 zinaonyesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikishi kiwango cha shughuli za mwili wanachotakiwa kukifikisha. Wasichana ni asilimia 85, wavulana 78. Kwa wengi wao kipindi cha shule ndiyo nafasi pekee wanayopata ya kujifunza mchezo wowote kwa mpangilio, na huo ndio umri wanaoanza kuukimbia.

Wear: kipimo cha thamani

Mwanzo wa yote haya ni Louis Thurstone, aliyeandika mwaka 1928 kwamba mitazamo inaweza kupimwa. Njia yake ilihitaji kundi la waamuzi wapange kauli moja moja kwa uzito wake, kazi ya kuchosha. Mwaka 1932 Rensis Likert akarahisisha: andika kauli, mpe mtu ngazi za kukubali na kukataa, kisha jumlisha. Madodoso mengi unayoyaona leo ni wajukuu wa Likert.

Carlos Wear alitumia njia hiyo mwaka 1951 kutengeneza dodoso la kauli 40 kuhusu somo la michezo. Mwaka 1955 akatoa matoleo mawili yanayolingana, A na B, kila moja likiwa na kauli 30, ili mtafiti aweze kupima kabla na baada bila mwanafunzi kukariri majibu yake ya kwanza. Wazo hilo ni zuri mpaka leo.

Ila kauli zake zilielekea zaidi kwenye thamani ya somo: linafaa mwili, linafaa akili na hisia, linasaidia kuishi na watu. Na mwisho wa yote unapata jumla moja. Msichana wetu wa netiboli atapata alama za juu sana hapa, kwa sababu haamini hata kidogo kwamba michezo haina faida. Tangu darasa la kwanza ameimbishwa kwamba michezo ni afya. Ukitumia Wear shuleni kwetu utakuwa unapima jinsi watoto walivyoshika wimbo huo. Mimi ningeliweka kando.

Kenyon na kizazi chake: kwa nini mtu anautumia mwili wake

Gerald Kenyon, mwaka 1968, aliuliza jambo jingine kabisa. Hakuuliza kuhusu kipindi cha shule. Alisema watu hutumia miili yao kwa sababu sita tofauti: kukutana na wenzao, afya na ukakamavu, msisimko wa kasi na hatari, uzuri wa mwili unapokwenda, kutua mzigo wa mawazo, na kujitesa kwa mazoezi marefu ili kufikia ushindi. Kila sababu ikawa na kipimo chake. Dodoso la wanaume lilikuwa na kauli 59 na la wanawake 54, kwa ngazi saba. Jaribu kuliingiza hilo kwenye kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi 60, na penseli tano za kuazimana.

Mwaka 1974 Simon na Smoll walilifanyia watoto toleo lao, linalojulikana kama CATPA. Walitumia jozi za maneno yenye maana zinazopingana, mtindo uliojengwa na Osgood na wenzake mwaka 1957: unasoma maelezo mafupi ya aina fulani ya shughuli, kisha unaweka alama karibu na neno moja au kinyume chake. Kwa Kiswahili mtindo huu unakwenda vizuri. Mtoto hashangai kuambiwa achague kati ya "tamu" na "chungu" anapofikiria mchezo. Sisi tunasema kila siku kwamba mechi ilikuwa tamu.

Faida kubwa ya familia hii ni kukuonyesha ladha za darasa lako. Ukiona wengi wako juu kwenye uzuri wa mwili na chini kwenye kujitesa, basi ngoma na sarakasi zina nafasi kuliko mbio za mita 1500. Kwa anayepanga shughuli za klabu au za wilaya nzima, taarifa hiyo ni dhahabu.

Lakini kwa swali la kipindi, chombo kinasimama mbali. Icek Ajzen na Martin Fishbein walilieleza jambo hili vizuri mwaka 1977: mtazamo unatabiri tendo pale vitu viwili hivyo vinapopimwa kwa ukaribu uleule, yaani tendo lilelile, jambo lilelile, mahali palepale, wakati uleule. Mtazamo kuhusu "kuutumia mwili kwa ajili ya afya" uko mbali mno na kitendo cha kuvua sweta, kuvaa bukta na kuingia uwanjani Alhamisi saa nane na nusu mbele ya kidato cha nne. Msichana wetu atatoka kwenye CATPA akiwa juu kwenye kukutana na wenzake, juu kwenye afya, chini kwenye hatari. Utajua anafaa netiboli. Kwa nini hachezi, hutajua.

PACES: raha peke yake

Hiki ni chombo kifupi kuhusu kufurahia shughuli za mwili. Kendzierski na DeCarlo walikitoa mwaka 1991 kikiwa na vipengele 18 vya ngazi saba. Mwaka 2001 Motl na wenzake wakakifanyia marekebisho kwa ajili ya wasichana wa rika la balehe nchini Marekani, kikawa na kauli 16. Ninapenda kwamba waliketi na wasichana hasa, maana madodoso mengi ya mwanzo yalijengwa juu ya vijana wa kiume wa vyuo kisha yakasambazwa kwa kila mtu.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kukitoa dakika kumi baada ya kipindi, jasho halijakauka, ukauliza kuhusu kipindi hicho hicho. Wiki hii mmecheza mpira wa wavu, wiki ijayo rede, wiki ya tatu mbio za kupokezana, linganisha. Kwa mwalimu anayejaribu mbinu mpya, sijui chombo kingine chepesi kama hiki.

Kasoro yake iko wazi vilevile: raha si mtazamo wote. Kuna kipindi ambacho mwalimu anatupa mpira mmoja uwanjani na kurudi ofisini, wavulana ishirini wanaufukuzia mpaka kengele. Hao ishirini PACES itawapa alama za juu. Watasema walifurahi, na ni kweli walifurahi. Msichana wetu atapata alama za kati siku ya netiboli na za chini siku ya mizunguko, na wewe utabaki unakisia kama tatizo ni mchezo, ni mwalimu, au ni kitu kingine.

Subramaniam na Silverman: vyumba vinne

Sasa nifike kwa ninalolipendelea. Mwaka 2000 Prithwi Raj Subramaniam na Stephen Silverman walichapisha dodoso la kauli 20, ngazi tano, lililojengwa kwa ajili ya wanafunzi wa shule za kati za Marekani, watoto wa umri unaokaribiana na wa kidato cha kwanza na cha pili huku kwetu. Linahusu somo lenyewe, shuleni, na si shughuli za mwili kwa ujumla. Hapo tayari limetimiza lile sharti la Ajzen na Fishbein.

Kilichonivuta zaidi ni mgawanyo wake. Limetenganisha hisia na kuona faida: je, kipindi kinanipa raha, na je, naona kinanisaidia? Kisha kila upande likaugawa tena mara mbili: inayotokana na mwalimu na inayotokana na yale yanayofundishwa. Unapata vyumba vinne, na kila chumba kina fundi wake.

Chukua madarasa mawili yenye wastani uleule wa 3.5. La kwanza lina 4.5 kwenye raha na 2.5 kwenye faida. La pili limegeuza: raha 2.5, faida 4.5. Ukitazama jumla utasema yanafanana. La kwanza ni watoto wanaocheza bila kujua wanajifunza nini. Wanahitaji mwalimu aeleze, afundishe stadi, aonyeshe kwamba leo wamejua kitu ambacho wiki iliyopita hawakukijua. La pili ni watoto wanaokiri kwamba dawa ni nzuri huku wanaikunjia uso. Hao ukiwahutubia tena kuhusu afya unawaongezea wasichokihitaji. Badilisha michezo, badilisha makundi, punguza kupanga watu mstari wakisubiri zamu ya kurusha tufe.

Na ikiwa chumba cha raha kwa upande wa mwalimu ndicho kilicho chini, basi kazi ni ya mwalimu mwenyewe. Hili ni gumu kulipokea, najua. Lakini ni afadhali kuliko kununua mipira mipya wakati kinachowafukuza ni namna wanavyoitwa mbele ya wenzao wanapokosa goli.

Watafiti hao hao walitumia dodoso hilo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2007 na wakaona mtazamo wa wanafunzi ni mzuri wa wastani, na unashuka kadiri madarasa yanavyopanda. Mwalimu yeyote aliyewahi kuwa na kidato cha kwanza na cha tatu kwa wiki moja anaujua mteremko huo.

Msichana wetu hapa anasomeka vizuri kuliko kokote: faida juu, raha ya michezo katikati, raha ya mwalimu chini. Sasa unajua uanzie wapi. Sketi na mahali pa uwanja bado havimo. Hakuna dodoso la kauli zilizopangwa kati ya haya manne lenye nafasi ya kuandika "sketi inapanda."

Udhaifu mwingine ni wa mazingira. Kauli zinazomhusu mwalimu zinadhani yupo mwalimu wa michezo, na kwamba kipindi kinafanyika. Katika shule zetu nyingi, Tanzania na Kenya, kipindi kipo kwenye ratiba lakini kinamezwa na marudio ya Hisabati au na usafi, au anakishika mwalimu wa Jiografia kwa sababu tu anapenda mpira. Uliza hilo kwanza: katika wiki nne zilizopita, mlitoka mara ngapi? Kama jibu ni mara moja, ahirisha dodoso. Unapima mtazamo kuhusu kitu ambacho hakipo.

Na majibu ya faida nayo huyumba kwa nchi. Kenya sasa ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, kwa hiyo mtoto anaweza kuona somo kama njia ya maisha. Tanzania ukisema "michezo" wengi huwaza timu ya UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, na aliyekosa jezi ya timu anaamini swali halimhusu. Andika juu kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa, kwamba unauliza kuhusu kipindi cha darasa lao.

Kiswahili kinachowapotosha watoto

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, hata chombo kiwe kizuri namna gani.

Neno la kwanza ni "mazoezi". Mtafsiri analichukua bila wasiwasi, kumbe shuleni mazoezi ni pia yale maswali ya mwisho wa sura. Niliwahi kukaa na wanafunzi sita nikiwapitisha kwenye kauli "Mazoezi ya shule yananichosha." Nikauliza, mazoezi gani? Mmoja akanijibu bila kusita, "Ya Fizikia." Hata anayewaza mwili anaweza kuwa anawaza mchakamchaka wa alfajiri, na mchakamchaka ni habari nyingine kabisa, wenye nyimbo zake na adhabu zake kwa waliochelewa. Halafu kuna kichura. Mtoto anayerushwa kichura na kupigishwa pushapu kila anapokosea amejifunza kwamba kuuchosha mwili ni adhabu. Dodoso likimuuliza kuhusu "kuutumia mwili", jibu lake litabeba kumbukumbu hizo zote. Tumia "kipindi cha michezo" mwanzo hadi mwisho, neno hilo moja, usilibadilishe kwa ajili ya kupamba.

La pili ni ukanushi. Watengenezaji wa madodoso huweka kauli chache zilizogeuzwa ili kumnasa anayejaza bila kusoma; kwenye PACES ya mwaka 2001 ni karibu nusu ya kauli. Ukitafsiri moja kwa moja utapata "Sipendi kipindi cha michezo", na jibu pembeni yake ni "Sikubaliani kabisa". Sasa angalia tunavyozungumza. Mtu akikuuliza "Hujala?", na kweli hujala, unajibu "Ndiyo, sijala." Sisi tunakubaliana na ukanushi kwa ndiyo. Mtoto anayependa michezo akikutana na "Sipendi… Sikubaliani kabisa" inabidi afungue mafundo mawili, na wengi wanafungua moja. Unabaki na alama zinazopingana, kisha unadhani wanafunzi wako hawana msimamo. Dawa ni kugeuza maana bila "si" wala "ha": "Kipindi cha michezo kinaniboa." Neno lenyewe ni la kwao, na fundo linabaki moja.

La tatu, chaguo la katikati. "Sina hakika" linakuwa kigoda cha mapumziko kwa aliyechoka kusoma. Nimeona "Katikati" tu, bila maelezo, likifanya kazi vizuri zaidi.

Kuhusu tafsiri, utaratibu uliozoeleka tangu Richard Brislin alipouandikia mwaka 1970 ni kumpa mtu wa pili airudishe kwenye Kiingereza bila kuona dodoso la asili, kisha kulinganisha. Ufanye. Ila tafsiri inaweza kurudi salama kabisa na bado ikampotosha mtoto, kwa sababu watafsiri wote wawili ni watu wazima waliosoma. Wale wanafunzi sita wa kukaa nao na kuwauliza "hapa umeelewa nini?" wana thamani kubwa kuliko mtafsiri wa tatu. Na tafadhali, Tanzania, hata kama sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, usigawe dodoso la hisia kwa Kiingereza. Utapima msamiati.

Kuhesabu na kusikiliza

Mwaka 1934 Richard LaPiere alichapisha kisa ambacho kila anayepima mtazamo anapaswa kukijua. Alisafiri Marekani pamoja na mume na mke Wachina, wakaingia kwenye hoteli na migahawa zaidi ya 250. Walikataliwa mara moja tu. Baadaye akawaandikia wenye maeneo hayo akiwauliza kama wangewapokea Wachina. Zaidi ya tisa katika kila kumi waliojibu walisema hapana. Karatasi ilisema lake, mlango ulifanya lake.

Kwa hiyo sambamba na dodoso, hesabu. Alhamisi nne mfululizo, daftari moja, mistari mitatu: waliobadilisha nguo, walioingia uwanjani, waliogusa mpira angalau mara tano. Gawa hesabu kwa wasichana na wavulana. Mstari wa tatu ndio unaoshtua zaidi, maana kuna watoto wanaokimbia kipindi kizima pembezoni mwa mchezo bila mpira kuwafikia, na mwalimu anawahesabu kama waliocheza.

Mazungumzo nayo yana zawadi zake. Teresa Carlson, mwaka 1995, alipowasikiliza wanafunzi wa Marekani waliojitenga na somo hili, alikuta mambo matatu: kutoona maana yake, kuhisi huna uwezo wa kubadilisha chochote, na upweke. Hilo la katikati huwa nalirudia kwa walimu. Mtoto anayesema "hata nikisema, itasaidia nini" hawezi kukuandikia ukweli kwenye dodoso pia.

Uchague vipi

Ukiwa mwalimu unayetaka kujua la kufanya na kipindi chako, chukua dodoso la Subramaniam na Silverman, liombee ruhusa kwa waandishi, lipitishe kwenye Kiswahili cha wanafunzi wako, kisha ongeza mistari mitatu mitupu yenye swali moja: "Ni kitu gani kimoja kikibadilika utaingia uwanjani?" Mistari hiyo usiiache hata ukibanwa na nafasi. Afadhali uondoe ramani ya shule au nembo.

Ukiwa unajaribu mchezo mpya au mbinu mpya na unataka kuona kama wiki ya sita ni tofauti na ya kwanza, PACES inatosha, ukijikumbusha kwamba unapima raha tu. Ukiwa mpangaji wa michezo ya vijana nje ya darasa, familia ya Kenyon, kwa toleo la watoto. Wear ni kwa anayeandika historia ya upimaji.

Kwa wa shahada: msimamizi atakuuliza kuhusu alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kauli za dodoso zinavyoendana, na atataka 0.70 kwenda juu. Ipige kwa kila chumba peke yake. Ukiipiga kwa kauli zote 20 kwa pamoja itapanda kwa sababu tu kauli ni nyingi, na itaficha chumba kimoja kibovu.

Siku ya kugawa, mwalimu wa michezo asiwepo. Asiwepo hata dirishani. Karatasi ziingie kwenye bahasha kubwa inayofungwa mbele ya darasa. Usiombe jina, kidato na jinsia vinatosha, na ukiongeza umri kwenye darasa dogo utakuwa umemtaja mtoto bila kumtaja. Usigawe wiki ya mitihani. Pwani na Visiwani usigawe Ramadhani, mtoto aliyefunga akiulizwa kuhusu kukimbia juani atakujibu kuhusu kiu. Usigawe pia siku ambayo kuna aliyerushwa kichura asubuhi.

Pale kwetu, baada ya ile mistari mitatu, tulihamishia nguzo za netiboli nyuma ya maabara, kwenye kipande cha ardhi kilichokuwa kinaoteshwa mchicha, na tukaruhusu traksuti chini ya sketi. Mchicha ulisogezwa jikoni. Tulirudia dodoso lilelile, kwa kauli zilezile, mwezi uleule wa mwaka uliofuata, na mwalimu wa ushauri nasaha ndiye aliyebeba bahasha.